Haki ya Kutembelea Gari

Nchi yenyewe siitaji jina, kwa sababu sheria inataka anayelitaja awe amesimama wima na amefunga vifungo vyote vya shati, nami ninaandika nimekaa, na shati langu limebaki na vifungo vya juu tu. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye mlima katikati, na yenye Wizara ya Kumbukumbu na Mambo Yaliyopita, ambayo ndiyo wizara yenye shughuli nyingi kuliko zote.

Waziri wake, Mheshimiwa Kilindo, alikwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo. Huko wenyeji wakampeleka kwenye jumba la magari ya kale. Akakuta magari yamepangwa sakafuni yanang'aa, yamezungushiwa kamba, na watu wazima wenye akili timamu wamejipanga foleni kuyatazama. Akauliza kama yanatembea. Akajibiwa kwamba mengi hayajawashwa tangu enzi za babu zao. Mheshimiwa akakaa chini akalia. Wasaidizi wake walidhani ni presha, wakamtafutia maji, kumbe ni furaha.

"Ndugu wananchi," alisema aliposhuka kwenye ndege, "wenzetu wametafuta magari yasiyotembea kwa taabu kubwa, na wameambulia machache. Sisi tunayo nchi nzima. Yamejaa nyuma ya kila ofisi ya serikali, yameota majani. Tulikuwa tukiona aibu, kumbe tumekalia urithi."

Siku hiyohiyo tatizo la magari mabovu ya serikali likaisha. Yaliyokuwa mabovu yakawa ya kale. Fundi mmoja wa mji mkuu, aliyekutwa chini ya gari la idara ya maji akijaribu kulifufua, alishtakiwa kwa kuharibu kumbukumbu za taifa. Bunge likatunga sheria, na kifungu kimoja kilipigiwa makofi mpaka Spika akaomba watu waihurumie mikono yao. Ninakijua kwa moyo: "Kila mwananchi, bila kujali hali yake, atakuwa na haki ya kutembelea magari haya, na hapana mtu atakayemzuia."

Naomba mkishike kifungu hicho. Mimi nilikishika kwa mikono miwili, na ndicho kilichoniumiza.

*

Katika wilaya yetu makumbusho yalifunguliwa kwenye stendi ya mabasi, kwa kuwa mabasi yenyewe yalikuwa yameshafia humohumo na hapakuwa na gharama ya kuyavuta. Tulipata greda lisilo na meno, trekta la mradi uliosahaulika, na gari la zimamoto. Hili la zimamoto liliwekwa ndani ya kamba mwanzoni mwa wiki, na kabla wiki haijaisha soko likaungua. Askari wa zimamoto walikimbia na ndoo. Mkurugenzi wa Makumbusho, Dakta Ponsiano Ngwalu, aliwafariji wafanyabiashara kwa kuwahakikishia kwamba gari la zimamoto halikupata hata mchubuko.

Lakini wizara ilisema magari yetu hayatoshi. Wakaja wakaguzi, wakanikuta mimi.

Mimi naitwa Mbaruku, na nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Lilikuwa moja tu kwa wilaya nzima. Hospitali ya mkoa iko upande wa pili wa mlima, na barabara ya kwenda huko ina kona mbaya. Mgonjwa aliyelazwa nyuma haoni nje, anaona paa tu, na hofu humzidi. Kwa hiyo nilikuwa na mtindo wangu wa kumtajia njia kwa sauti: "Tumevuka Daraja la Mawe. Hii ni Kona ya Nyuki, jishike kidogo. Sasa Msikiti Mweupe, tumemaliza kupanda. Sasa Mteremko wa Chumvi, geti la hospitali hilo hapo chini." Niliona kwamba anayejua alipo huendelea kushikilia roho yake. Ndiyo kazi niliyoifanya, na niliipenda.

Mkaguzi alilizunguka gari langu mara kadhaa.

"Lina umri gani?"

"Ni kubwa kwangu kidogo, mzee."

"Basi ni la kale."

"Lakini linatembea."

"Hilo ni kosa linalorekebishika," akasema, bila ubaya wowote.

Wakamwaga dizeli, wakafungua magurudumu, wakaliweka gari juu ya matofali. Magurudumu yakafungiwa kwenye stoo ya Mkurugenzi, kwa maelezo kwamba nayo ni ya kale, ila ni ya kundi tofauti. Mimi nikapewa kofia na cheo cha Mwelekezi wa Wageni. Mbele ya gari wakasimamisha kibao: TUNU YA TAIFA.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Mke wangu jina lake ni Tunu. Alicheka akajishika mlangoni.

"Mimi miaka yote hii nimekuwa tunu ya mtu mmoja tu," alisema. "Kumbe kuna wenye taifa zima."

*

Haukupita muda mrefu Tunu akashikwa na tumbo. Lilianza kama chango, akanywa chai ya tangawizi, likazidi. Likawa gumu, na homa ikapanda. Muuguzi wa zahanati, Sista Felista, alimbonyeza mara moja tu akanitoa nje.

"Baba Kibibi, huyu anatakiwa apasuliwe. Mpeleke mkoani upesi, na aende amelala. Ukimkalisha kwenye pikipiki mlima ule, hafiki."

"Na daktari akija huku?"

"Gari la daktari liko kwenye makumbusho ya mkoa. Nasikia linapendwa sana na watoto wa shule."

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Dakta Ponsiano alikuwa mtu mpole, aliyesomea udakta wa mambo yaliyokwisha. Alinikaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akaguswa.

"Pole sana, Mbaruku. Pole sana tena sana. Sasa unaomba nini hasa?"

"Naomba gari, Mkurugenzi. Nimpeleke mke wangu nilirudishe. Sheria inaniruhusu. Imeandikwa kila mwananchi ana haki ya kutembelea magari haya. Na sisi sote tunajua, mtu akisema fulani anatembelea gari jeupe, maana yake gari hilo ndilo linalompeleka huku na huku. Mke wangu anataka kulitembelea gari lile mpaka hospitali."

Mkurugenzi akavua miwani. Nilimwona kabisa akishtuka, maana alikuwa hajawahi kuiona hatari hiyo katika lugha.

"Lakini kutembelea," akasema polepole, "ni pia kwenda kukitazama kitu mahali kilipo. Kama kutembelea mbuga. Huwezi kwenda nayo mbuga."

"Mbuga haina usukani, Mkurugenzi."

"Hoja nzito," akakubali. "Kwa mantiki hiyo suala hili liko juu ya ngazi yangu. Tuliachie Kamati ya Tafsiri ya Wilaya."

Kamati ikaketi. Ikala, ikaketi tena. Nyumbani Tunu alikuwa akiuma kanga ili majirani wasimsikie. Hatimaye mwenyekiti akatoka kunisomea uamuzi, akiwa amejawa na huruma: neno kutembelea lina maana mbili, zote sahihi na zote za kizalendo, lakini kwa mwananchi wa kawaida itumike maana ya pili, ya kutazama. Hata hivyo, kwa kuzingatia utu, mgonjwa aruhusiwe kulitembelea gari la wagonjwa wakati wowote, akiwa amelala, na wahudumu wamsaidie kupanda.

Nilimshukuru. Ndivyo tulivyolelewa katika nchi hii, mtu akikunyima kwa upole unamshukuru.

*

Mtasema nilikuwa mjinga kumpeleka. Lakini ndani ya gari lile kulikuwa na kitanda na ndoano ya kutundikia dripu, na Sista Felista alisema ndani ya gari ataweza kumtundikia maji, afadhali kuliko chini nyumbani kwangu. Nami moyoni nilikuwa na jambo jingine. Nilijua magurudumu yalipo. Nilijiambia, akishakuwa ndani ya gari, robo ya safari imekwisha.

Tukambeba, mimi na shemeji yangu Mwanahawa, mdogo wake Tunu, mwanamke asiyeogopa mtu. Tukamlaza. Sista akatundika maji. Wageni wakaanza kuja.

Mwanzoni walipita tu wakatoa pole. Kisha habari zikaenea kwamba makumbusho ya wilaya yetu yana gari la wagonjwa lenye mgonjwa, kitu ambacho hata ng'ambo hakipo. Walimu wakaleta madarasa. Wageni waliwauliza wahudumu kama ule ni ugonjwa wa zamani au wa siku hizi. Mama mmoja alilalamika kwamba amesafiri kutoka mbali na mgonjwa amelala tu, hagumi kwa maumivu. Mkurugenzi, kwa kutaka kuwaridhisha wadau wote, alikuja kumwomba Tunu kwa heshima zote kwamba, kama itamuwia rahisi, kuguma kufanyike saa za kazi.

"Mwambie," Mwanahawa akanigeukia, "akirudi tena hapa nitamfundisha yeye kuguma."

Mwanahawa alikuwa ameshafanya mpango. Aliwapata wanaume wa mtaani kwetu, wakakubali kumbeba dada yake kitandani kwa zamu mpaka ng'ambo ya mlima. Ni hatari, Sista alisema, lakini kukaa ni hatari zaidi. Tukamshusha kwenye gari, tukafika naye getini. Mlinzi akatuzuia.

"Mnapeleka wapi tunu?"

"Tunampeleka Tunu hospitali," nikasema.

"Haitoki bila kibali cha wizara."

"Ndugu yangu, huyu ni Tunu, mke wangu."

"Ndiyo. Mkaguzi alikuja juzi, akauliza kilichomo ndani ya gari kinaitwaje, wakamwambia tunu. Akasema hiyo tayari ina kibao chake. Mzee Mbaruku, usinitafutie matatizo, nina watoto."

Nilimwangalia yule mlinzi, naye akatazama viatu vyake. Tuliwahi kuwa jirani. Wanaume wa mtaani wakasubiri niseme neno, na mimi nilikuwa na kofia ya serikali kichwani. Wakaona askari wanakuja, wakakiweka kitanda chini taratibu, wakarudi nyuma mmoja baada ya mwingine. Tukamrudisha Tunu ndani ya gari. Mwanahawa hakunisemesha siku ile, na alikuwa na haki.

Jioni wageni walipoondoka, Tunu akaniita.

"Baba Kibibi. Nenda ukae mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwenye usukani. Nitajie njia kama ulivyokuwa ukiwatajia wenzangu. Mimi hukuwahi kunipeleka."

Nikapanda, nikashika usukani. Gari juu ya matofali halitikisiki hata kidogo, ni kama kukaa kaburini. Nikamwambia tunatoka mjini. Nikamwambia tumevuka Daraja la Mawe, maji ni mengi leo. Nikakata usukani kwenye Kona ya Nyuki, naye kwa nyuma nikamsikia akijishika. Nilipomwambia Msikiti Mweupe huo, tumemaliza kupanda, akavuta pumzi ndefu na maumivu yakamwachia kidogo. Nililia, lakini sauti niliishikilia, maana dereva akilia abiria anajua.

Tulipofika geti la hospitali akasema, "Rudia."

Tukaenda tena. Ikawa ndiyo dawa yake, hakuwa na nyingine. Mkurugenzi alipogundua, akaipangia saa, ikawa sehemu ya maonyesho, na watu walipiga makofi kila tukimaliza mteremko.

*

Ndipo ikatangazwa kwamba Mtukufu Mkuu wa Nchi mwenyewe atakuja kuona. Matofali yakapakwa chokaa. Sista Felista akaambiwa asogee pembeni kwa kuwa sare yake imechakaa. Mimi nikapewa shati lenye vifungo vyote.

Mtukufu alikuja na msafara ulioziba barabara kutoka mlimani mpaka mjini. Aliangalia greda, akaangalia trekta, akapiga miayo kwenye zimamoto. Alipofika kwenye gari la wagonjwa, uso ukamlainika.

"Hili nalijua," akasema. "Nilipokuwa mdogo lilikuwa likipita kwetu na king'ora. Nilitamani mno niugue. Nataka kulitembelea."

"Mtukufu," Mkurugenzi akainama, "umeshalitembelea. Uko mbele yake."

"Nimesema nataka kulitembelea." Na akanyoosha kidole barabarani.

Watu wote wakakifuata kidole kwa macho. Kamati ya Tafsiri ilikuwapo, imevaa suti. Ikaketi hapohapo kwa kusimama, na kabla Mtukufu hajashusha kidole mwenyekiti akatangaza kwamba neno kutembelea lina maana mbili, na kwamba kwa ngazi husika itumike maana ya kwanza.

Magurudumu yakatoka stoo yanakimbia. Dizeli ikamiminwa. Nikawasha, gari likakohoa, likawaka. Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilimshika Mkurugenzi mkono, kitu kisichoruhusiwa.

"Mkurugenzi, linawaka. Na mgonjwa yumo tayari. Mtukufu akae mbele na mimi, akitaka atapiga king'ora kwa mkono wake. Tutampitisha Tunu hospitali, tutarudi. Hakuna atakayepoteza chochote."

"Mtukufu hataki mbele," Mkurugenzi akanong'ona, na naapa macho yake yalikuwa yamelowa. "Anataka kulala nyuma, wanapolala wagonjwa. Ndivyo alivyokuwa akiota utotoni. Kitanda ni kimoja, Mbaruku."

Wakamshusha Tunu. Wakatandika mkeka palepale gari lilipokuwa, katikati ya matofali meupe, wakamlaza, na kibao kikabaki kichwani pake. Nilipiga magoti.

"Siendi," nikamwambia. "Watafute dereva mwingine."

"Nenda," akasema. "Wewe ukiendesha utafika, na ukifika utamwona daktari. Mlete. Njia nimeshaijua, nitakuwa naitaja mwenyewe huku nikikusubiri."

Nikaenda.

*

Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. King'ora kilikuwa kikilia, raia wakijitupa mitaroni, wanajeshi wakipiga saluti. Mtukufu alikuwa amelala nyuma amefunikwa shuka, akicheka peke yake. Kwa mazoea nikafungua kinywa kutaja Daraja la Mawe, nikakifunga. Njia ile nilikuwa nimeshampa mwingine.

"Nipeleke kunakokwendaga gari hili," aliniamuru, na mimi nilishukuru moyoni.

Hospitali walikuwa wameshapigiwa simu. Kwa miaka yote niliyofika pale na wagonjwa, nilikuwa nikipiga honi mpaka nakata tamaa. Siku hiyo geti lilikuwa wazi. Madaktari wote walikuwa wamejipanga, wamevaa glavu. Machela ilikuwa na shuka nyeupe iliyopigwa pasi. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimewashwa taa zote, na damu imeletwa ya kila kundi. Daktari Eliaza, yule niliyekuwa nikimkabidhi wagonjwa wangu, akafungua mlango wa nyuma kwa haraka, na Mtukufu akashuka mwenyewe, akijinyoosha.

"Mimi ni mzima," akasema, na watu wakamshangilia kwa hilo.

Daktari Eliaza akanijia dirishani.

"Mgonjwa yuko wapi, Mbaruku?"

"Yuko makumbusho. Ni mke wangu. Tumbo limekuwa gumu kama ubao."

Hakuuliza zaidi. Alichukua mkoba wake, akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango. "Geuza gari," akasema.

Nikaweka gia. Na hapo Mtukufu akaanza kuhutubia. Alisema gari hili lilikuwa la kihistoria, na sasa limekuwa la kihistoria mara mbili, kwa kuwa limembeba yeye. Alisema si haki wagonjwa wa mkoa walikose. Kwa hiyo kuanzia dakika hiyo lisisogee hata hatua moja, libaki hapo mbele ya hospitali, wagonjwa watoke wodini walitembelee.

Msafara wake ulikuwa na matofali tayari, huwezi kujua lini kiongozi ataguswa. Wakafungua magurudumu tukiwa ndani. Gari likashuka upande wangu, kisha upande wa daktari. Daktari alikuwa ameupakata mkoba magotini, mpaka wanajeshi wakamfungulia mlango na kumwomba ashuke, madaktari wote wanahitajika kwenye picha.

Barabara ilikuwa imefungwa mpaka kesho yake, kwa heshima ya msafara. Nilirudi kwa miguu kwa njia ya wachungaji, juu ya mlima, na shati lenye vifungo vyote. Radio za watu njiani zilikuwa zikisema Mtukufu ametembelea gari la wagonjwa, na ametembelea hospitali, na kote ameridhika.

Nilifika siku ya pili jua limeinama. Pale stendi mkeka ulikuwa umekunjwa. Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya tofali moja, ananingoja. Aliinuka, akanishika mabega, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya getini.

"Alikuwa akitaja njia, shemeji. Tangu ulipoondoka. Daraja la Mawe, Kona ya Nyuki, zote. Mimi nilimfuta jasho tu. Leo alfajiri akasema, 'Mteremko wa Chumvi, naliona geti.' Akasema tumefika. Basi."

"Yuko wapi?"

"Tulikungoja mpaka wakasema haifai tena kungoja. Tumeshamhifadhi."

Makaburi yetu yako nyuma ya stendi, hayana kamba wala mlinzi, na mkaguzi hajawahi kufika. Kibao nilikichukua mimi, nikakipandikiza kichwani kwake, nikiwa nimeyakwangua maneno mawili ya mwisho. Kila Ijumaa ninamtembelea. Ni haki yangu, na hakuna anayenizuia.